Mti wa Maswali: Nani Yuko Hatarini Zaidi Miongoni mwa Wanaotumia Unga?

Katika nyumba nyingi za Unguja liko jambo ambalo kila mtu wa nyumbani analijua lakini halitajwi wakati wa chakula: kijana anatumia unga. Redio imepotea, kisha pasi, kisha mtungi wa gesi. Baba amekasirika, mama analia, na majirani wananong'ona. Lakini mama huyo akipata nafasi ya kukaa na muuguzi peke yake, haulizi habari za redio. Anauliza hivi: "Sista, mwanangu ameshaambukizwa au bado? Na sisi tunaokaa naye, je?"

Jibu la uhakika la swali hilo ni moja tu, nalo ni kipimo cha damu. Hata hivyo, kabla ya kipimo kuna maswali. Maswali yakiulizwa ovyo hayasaidii kitu, bali yakipangwa vizuri yanaweza kutuonyesha nani apimwe leo hii, apimwe magonjwa gani, na nini kifuate. Wataalamu wanao mpango wa maswali wanaouita mti wa maamuzi. Jina linatisha kidogo, lakini jambo lenyewe wazazi wengi wameshalipitia bila kujua.

MTI HUU NI KITU GANI?

Mama aliyewahi kumpeleka mtoto mwenye kikohozi zahanati ameona jinsi muuguzi anavyofanya. Anauliza: mtoto anaweza kunyonya? Ametapika kila kitu? Amepata degedege? Kisha anamfunua kifua na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 12 akifikisha pumzi 50 au zaidi, na wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40 au zaidi, huyo anapumua haraka, na muuguzi anafuata njia ya nimonia. Chati hiyo ililetwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF katika miaka ya 1990, nayo ina rangi tatu: waridi kwa anayepelekwa hospitali upesi, njano kwa anayetibiwa hapo hapo, kijani kwa anayerudi nyumbani na maelekezo. Huo tayari ni mti. Shina lake ni swali la kwanza, matawi ni majibu, na majani ni hatua za kuchukua.

Mti mwingine ulijipatia sifa hapa hapa Tanzania. Kati ya mwaka 1991 na 1994, mkoani Mwanza, watumishi wa zahanati za vijijini walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata chati ya dalili, bila kusubiri maabara ambayo haikuwapo. Mwanamume anatokwa na usaha? Mtibu kisonono na klamidia pamoja. Ana kidonda? Fuata tawi jingine. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1995, ulimwengu ulishangaa: katika vijiji vilivyopata huduma hiyo, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa pungufu kwa kama asilimia 40 kuliko katika vijiji vya kulinganisha. Lakini mtu mwaminifu ataongeza kwamba chati hizo hizo zilifanya kazi hafifu kwa mwanamke anayetokwa na uchafu ukeni, kwa sababu mara nyingi uchafu ule hautokani na ugonjwa wa zinaa kabisa. Mti unaofaa kwa tatizo moja waweza kukupoteza kwa tatizo jingine. Tuliweke hilo akilini, tutalihitaji mbele.

Miti hiyo ilipandwa na madaktari kwa kukaa na kufikiri. Upo mti wa aina ya pili, unaooteshwa na kompyuta kutokana na kumbukumbu za wagonjwa wenyewe. Mwaka 1984 wataalamu wanne wa takwimu wa Marekani, Breiman, Friedman, Olshen na Stone, walitoa kitabu kilichoeleza njia hiyo kwa ukamilifu. Mfano wao wa kwanza ulitoka San Diego, kwa wagonjwa waliolazwa kwa shambulio la moyo. Kila mgonjwa alipimwa mambo 19 katika saa 24 za mwanzo. Kompyuta ilipochambua nani alifariki ndani ya siku 30 na nani alipona, ilibakiza maswali matatu tu: Shinikizo la damu la juu limezidi 91? Kama limezidi, je, umri umezidi miaka 62 na nusu? Kama umezidi, je, moyo unakwenda mbio? Basi. Vipimo kumi na tisa vikawa maswali matatu, na muuguzi wa zamu ya usiku anaweza kuyashika kichwani.

Kompyuta inachaguaje swali la kwanza? Hapa naomba tutoe mfano wa kufundishia, wala si hesabu ya mtaa wowote. Tuseme kuna watu 100 wanaotumia unga, na kati yao 10 wana VVU. Tukiwagawa kwa umri, vijana 50 wana wagonjwa 4, na wakubwa 50 wana wagonjwa 6. Mgawanyo huo hautupi kitu, makundi yote mawili yanakaribia kufanana. Sasa tuwagawe kwa swali jingine: anavuta au anajidunga? Wanaovuta ni 60 na wagonjwa wao ni 2. Wanaojidunga ni 40 na wagonjwa wao ni 8. Hapo tumepata swali la shina. Tuwachukue wale 40 tuwaulize: mwezi uliopita ulitumia sindano iliyotumiwa na mwingine? Waliosema ndiyo ni 20, wagonjwa 7. Waliosema hapana ni 20, mgonjwa 1. Kwa maswali mawili tu, wagonjwa 7 kati ya 10 wamekusanyika katika kikundi cha watu 20.

Kompyuta inafanya hivyo kwa kujaribu kila swali lililomo, kuchagua linalotenganisha vizuri zaidi, kisha kurudia katika kila tawi. Ikiachwa bila kuzuiwa itaendelea kuotesha vijitawi mpaka itakapokuambia kwamba hatari iko kwa mwenye shati la bluu aliyekuja siku ya Jumanne. Kwa hiyo mti hupogolewa, kisha hujaribiwa kwa watu wengine ambao kompyuta haikuwaona mwanzoni. Mti ambao haukujaribiwa kwa watu wapya usiuamini, hata kama umeletwa na profesa.

HESABU ZA UNGUJA ZINASEMA NINI

Heroini ilianza kupita katika pwani yetu tangu miaka ya 1980, ikisafirishwa kwa bahari na kwa ndege kutoka Asia. Mzigo unaopita huacha punje njiani. Mwanzoni wengi walivuta ile ya rangi ya udongo, wakiichoma juu ya karatasi au kuichanganya na bangi. Ilipofika ile nyeupe inayoyeyuka upesi katika maji, mwishoni mwa miaka ya 1990, kujidunga kukaenea Dar es Salaam, na visiwani nako.

Zanzibar kwa jumla ina bahati ya kuwa na VVU kidogo; miongoni mwa watu wazima wote kiwango kimekuwa asilimia 1 au chini yake katika tafiti za kitaifa zilizofanyika tangu mwaka 2007. Lakini mwaka huo huo wa 2007, watu 499 wanaojidunga walipohojiwa na kupimwa, asilimia 16.0 walikutwa na VVU. Mwaka 2012 walipimwa wengine 408, wakakutwa asilimia 11.3. Utafiti kama huo haufanyiki kwa kugonga milango, maana mlango wa anayejidunga haujulikani. Watafiti walianza na wachache, kila mmoja akapewa kuponi za kuwapa wenzake, na wenzake nao wakapewa za kwao, mpaka mlolongo ukafika katika maskani ambazo hakuna mtumishi wa serikali angezifikia.

Tazameni yaliyokuwa nyuma ya hesabu hizo. Mwaka 2007, zaidi ya nusu walisema walichangia sindano katika mwezi uliopita. Mwaka 2012 walikuwa asilimia 29.1. Waliokuwa wamepima VVU na kupata majibu katika mwaka uliopita walikuwa asilimia 13.3 tu, na mwaka 2012 wakafika 38.0. Hizo ni habari njema. Lakini ipo nyingine ya kutufanya tusishangilie haraka: mwaka 2007, asilimia 73.2 walikuwa wamejidunga kwa miaka 7 au zaidi, na mwaka 2012 waliofikia muda huo walikuwa asilimia 36.9 tu. Maana yake, kundi la pili lilikuwa na wageni wengi katika sindano, na mgeni hajapata muda mrefu wa kuambukizwa. Sehemu ya kupungua huenda ilitokana na hilo. Na kweli watafiti waliona kwamba aliyejidunga kwa miaka 5 au zaidi alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na VVU.

Basi matawi ya mti wetu yanaanza kuonekana. Anavuta au anajidunga? Anachangia? Kwa miaka mingapi? Na kuna tawi ambalo halimo katika miti iliyooteshwa Marekani au Ulaya.

Mwaka 2005 watafiti walieleza katika jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, jambo waliloliona Dar es Salaam, hasa miongoni mwa wanawake maskini waliokuwa wakiuza miili yao. Mmoja akishajidunga, huvuta damu yake mwenyewe ikajaa katika bomba la sindano, kisha humpa mwenzake asiye na fedha ajidunge damu ile, kwa imani kwamba imebeba unga wa kutosha kumtuliza arosto. Kwa upande wa dawa, kiasi kilichomo ni kidogo mno. Kwa upande wa virusi, ni kama kuongezewa damu ambayo haikupimwa. Unguja nako limetajwa. Sasa fikirini mti uliooteshwa Baltimore kwa kumbukumbu za Baltimore: swali hilo halimo, kwa hiyo dada aliyedungwa damu ya mwenzake kwa sindano mpya, tena akajibu kwa unyofu kwamba hajachangia sindano, ataangukia jani la hatari ndogo. Ndiyo maana ninasema mti upandwe katika udongo wake.

NAMNA YA KUULIZA

Mti wote unasimama juu ya jibu la kweli, na jibu la kweli halipatikani kwa kila mwulizaji. Ukimuuliza kijana mbele ya mama yake, "Wewe unachoma sindano?" atakuambia hapana, na hata ningekuwa mimi ningesema hapana. Ukimuuliza huku askari amesimama mlangoni, utaandika uongo mtupu, na kompyuta itaupanga uongo huo kwa ustadi mkubwa.

Sisi wauguzi tumejifunza kuuliza kwa njia ya kumrahisishia. "Shikamoo, sista." "Marahaba, mwanangu, kaa. Mimi si polisi, na ninachoandika hapa hakitoki nje ya chumba hiki. Watu wengine wanavuta, wengine wanadunga. Siku hizi wewe unatumia njia gani?" Swali hilo halina mlango wa kukimbilia, wala halimwiti mtu jina baya. Jina la teja mimi silipendi, kwa sababu ukishamwita hivyo umemwambia kwamba hana la kujibu.

Kisha lipo swali la kuchangia, na hapa wengi wanakosea. Kijana atasema kwa kiapo kwamba hachangii sindano, na ni kweli, ana bomba lake mfukoni. Muulize zaidi: Mliyeyushia katika kijiko cha nani? Maji mlichota katika kikopo kimoja? Pamba ya kuchujia ilikuwa ya nani? Mmegawana kutoka bomba moja kwenda jingine? Virusi vya homa ya ini aina ya C havihitaji zaidi ya hapo. Watafiti wa Marekani walivikuta vikiwa hai ndani ya mabomba ya sindano hata baada ya siku 63. VVU navyo vimeokolewa katika mabomba yaliyokaa wiki kadhaa, ingawa joto kama letu linavipunguza nguvu upesi zaidi. Kwa hiyo swali zuri ni hili: "Mara ya mwisho, tangu mnunue kete mpaka mmalize, nieleze hatua kwa hatua." Mwache aeleze. Ukisikiliza vizuri utayajibu maswali matano ya mti bila kuuliza hata moja.

Muulize pia kama amewahi kukaa Chuo cha Mafunzo, kwa sababu ya msongamano na kifua kikuu. Muulize habari za mwenzi wake. Anayevuta tu, hajawahi kugusa sindano, aweza kuambukizwa VVU kwa njia ya zinaa kama mtu mwingine yeyote, na zaidi ikiwa kete inalipwa kwa mwili. Kwa wanawake tawi hili ni nene kuliko lile la sindano, nao hawaji kirahisi, kwani aibu yao katika jamii yetu ni mara mbili ya ile ya wanaume.

MWISHO WA TAWI KUNA NINI?

Mti usio na majani haufai. Anayejidunga, awe anachangia au hachangii, apimwe VVU, homa ya ini B na homa ya ini C, na aulizwe habari ya kikohozi. Hapa mti haumnyimi mtu kipimo. Unapanga nani asiondoke leo bila kupimwa, nani aitwe tena baada ya miezi mitatu, na nani afuatwe nyumbani asipokuja.

Akikutwa na VVU, aanze dawa za kufubaza virusi siku hiyo au karibu na hapo. Dawa hizo hutolewa bure, na akizimeza vizuri mpaka virusi visionekane katika kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Asipokutwa na VVU lakini yuko katika tawi la hatari, zipo dawa za kinga ambazo Shirika la Afya Duniani limezipendekeza tangu mwaka 2015 kwa watu wa namna hiyo. Asipokuwa na homa ya ini B, achanjwe. Watoto wetu wadogo wameipata chanjo hiyo katika zile za utotoni, lakini watu wazima wengi hawakuipata. Homa ya ini C haina chanjo. Hata hivyo, siku hizi inapona kabisa kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12, jambo ambalo tulipokuwa chuoni hakuna mwalimu aliyethubutu kulitabiri.

Jani jingine ni methadoni. Ni dawa ya maji inayonywewa kila siku mbele ya mtumishi, inayoondoa arosto bila kulevya, na anayeinywa hana haja ya sindano. Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, na Zanzibar ikafungua kliniki yake katika hospitali ya Kidongo Chekundu mwaka 2015. Tafiti za nchi mbalimbali zikijumlishwa zinaonyesha kwamba dawa hiyo hupunguza maambukizi mapya ya VVU kwa wanaojidunga kwa karibu nusu. Najua wako wazazi wanaosema kwamba ni kubadilisha unga kwa unga mwingine. Mimi nawajibu kwamba nimeona mishipa ya mikono ikipona. Wengine hupitia nyumba za nafuu tunazoziita soba; nazo ni njema kwa anayeziweza, ila akirudi kutumia baada ya kukaa safi miezi kadhaa, kiwango chake cha zamani kinaweza kumwua. Hilo aambiwe waziwazi kabla ya kutoka.

Na ninyi mnaokaa naye? Sahani, kikombe, kitanda, choo, kukumbatiana: hakuna VVU hapo wala homa ya ini C. Wembe na mswaki kila mtu awe na chake. Homa ya ini B huweza kuambukiza wa nyumba moja kwa vidonda na damu, kwa hiyo akikutwa nayo, familia nzima ipimwe na kuchanjwa. Kikohozi cha wiki mbili ni cha kupeleka kituoni bila kujadili.

AKIPATA HOMA

Lipo tawi moja ambalo nataka kila mzazi alijue kwa moyo. Kijana anayejidunga akipata homa, msimpe panadol mkasubiri, wala msiseme ni malaria. Malaria Unguja imepungua sana tangu katikati ya miaka ya 2000, na hata ingekuwapo, mtu huyu ana sababu nyingine. Sindano isiyo safi huingiza vijidudu moja kwa moja katika damu, navyo hupenda kukaa juu ya milango ya moyo na kuila. Mgonjwa huchoka, hutokwa na jasho usiku, hukohoa, hubanwa kifua. Akichelewa, moyo hushindwa kazi.

Maswali ni machache. Anajidunga? Ana homa? Kama yote mawili ni ndiyo, aende hospitali leo. Anahema kwa shida, amechanganyikiwa, au mguu mmoja umevimba? Aende sasa hivi, kwa teksi, kwa bodaboda, kwa chochote. Ana jipu mahali pa sindano? Msilikamue, hasa la kinenani, kwani mshipa mkubwa wa damu uko chini yake. Na mkifika semeni ukweli: "Anajidunga." Neno hilo moja linabadilisha vipimo vyote, maana daktari atachukua damu ya kuotesha vijidudu kabla ya kumpa dawa. Nimeona familia ikificha kwa aibu siku mbili tatu, na siku hizo ndizo zilizokuwa na thamani. Nimeona pia, na ni lazima niseme, watumishi wenzetu wakimwacha mgonjwa wa namna hiyo kwenye benchi mpaka mwisho wa foleni. Mti haumjui mtu mzuri na mtu mbaya, unajua homa na sindano.

MAHALI MTI UNAPOKOSEA

Turudi kwenye wale watu wetu 100 wa mfano. Maswali mawili yalikusanya wagonjwa 7 katika kikundi cha watu 20. Je, wale 3 waliobaki? Mmoja yuko kwa wasiochangia, wawili kwa wanaovuta. Mganga akipima kikundi cha hatari tu, hao watatu watarudi nyumbani wakijiona salama, na wake zao pia. Ndiyo sababu jani la hatari ndogo lisisomwe kamwe kuwa ni hakuna hatari. Wajuzi wa kompyuta wanayo njia ya kuiambia mashine kwamba kumkosa mgonjwa mmoja ni kosa zito kuliko kumpima bure mzima kumi. Mti hapo unabadili matawi na kuwakusanya watu wengi zaidi katika kundi la kupimwa. Uzito huo hauchaguliwi na mashine. Unachaguliwa na binadamu anayejua bei ya kipimo na bei ya mjane.

Tena mti unazeeka. Uliooteshwa kwa majibu ya mwaka 2007, wakati zaidi ya nusu walichangia sindano, hauwezi kuwa sawasawa kwa watu wa 2012 ambao waliochangia hawakufika theluthi. Kila utafiti mpya unapofanyika, mti ung'olewe na kupandwa upya.

Na mzazi asiutumie nyumbani kama fimbo. Nimesikia baba akisema, "Sasa nimejua kwamba wewe ni wa hatari kubwa, toka nyumbani kwangu." Kijana aliyefukuzwa hulala maskani, na maskani hakuna bomba la mtu binafsi.

SINDANO ILIYOOKOTWA

Mwisho, swali ninaloulizwa na akina mama wa Mji Mkongwe kila mara: mtoto ameokota sindano kichochoroni, au imemchoma mguuni akicheza mpira. Huo nao ni mti mfupi. Je, imemchoma mpaka damu? Kama hapana, nawa kwa maji na sabuni, basi. Kama ndiyo, osha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, usikamue wala usipake jiki, kisha mpeleke kituoni siku hiyo hiyo. Hatari yenyewe si sawa kwa magonjwa yote. Kwa mhudumu anayechomwa na sindano iliyotoka tu kwa mgonjwa, homa ya ini B yaweza kumpata hadi watu 30 katika 100 wasiochanjwa, homa ya ini C kama 2 katika 100, na VVU 3 katika 1,000. Kwa sindano iliyolala juani, ya VVU ni ndogo zaidi. Dawa za kinga ya VVU zianze mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72, na zinywewe siku 28. Chukueni kadi yake ya kliniki mwende nayo, muuguzi aone kama alimaliza chanjo ya homa ya ini B. Sindano yenyewe msiishike kwa vidole wala msijaribu kuifunika: isogezeni kwa kijiti iingie katika chupa ngumu ya plastiki, mfunge kizibo, na mtuletee, tutaichoma pamoja na za kwetu.